Wageni Katika Daftari la Chilongani

Palikuwa na mtu aitwaye Chilongani, ambaye kijiji chake kilimpa daftari na kamera akae mwaka mzima kando ya njia ya twiga. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kuieleza, nzito kuifanya: amtambue kila twiga apitaye, aandike siku aliyopita na upande alikoelekea, ili ijulikane ni ardhi ipi iachiwe wanyama na ipi ilimwe. Wanakijiji walikuwa wamekubaliana hivi: twiga wakienda na kurudi, hiyo ni njia yao, haiguswi. Wakienda bila kurudi, wamehama, na ardhi ni ya jembe.

Twiga hawafanani madoa. Ila twiga huyohuyo mmoja, madoa ya ubavu wake wa kulia si madoa ya ubavu wa kushoto. Kwa hiyo waliomfundisha kazi walimwagiza apige picha za ubavu wa kulia tu, asije akamhesabu mmoja mara mbili. Agizo zuri, sina ugomvi nalo. Chilongani akachagua jiwe upande wa mashariki wa njia, jua la asubuhi likiwa mgongoni mwake. Mvua zilipoanza, twiga wakaelekea vilimani kaskazini, na kila mmoja akampitia akimwonyesha ubavu wa kulia. Akawapiga picha wote. Akawapa majina.

Kati yao alikuwamo jike mmoja mkubwa aliyemwita Shangazi, kwa kuwa aliwatangulia wenzake kwa madaha kama shangazi wa bibi harusi. Ubavuni alikuwa na doa lililofanana na jembe lililokatika mpini, na nyuma yake alifuata ndama. Walikula migunga ya pale karibu mwezi mzima, na Chilongani akawazoea hata akawa anawasalimu asubuhi kabla hajamsalimu mkewe. Mkewe alimtania kwa hilo, naye akacheka. Siku Shangazi alipovuka kwenda vilimani, mtu mzima huyo alirudi nyumbani hana hamu ya chakula.

Tena alikuwa na hamu nyingine, ya zamani zaidi. Upande wa magharibi wa njia ileile alikaa mdogo wake, Mazoya. Mama yao alipofariki, miaka tisa nyuma, Mazoya alifika kaburi limeshafukiwa. Chilongani hakumwuliza alikuwa wapi, wala miguu yake ilivimba kwa nini. Alimwona amechelewa, ikamtosha. Tangu siku hiyo hawakupeana hata salamu. Lakini jioni, moshi ulipopanda jikoni kwa Mazoya, Chilongani aliutazama mpaka tonge likampoa mkononi. Akiulizwa habari za mdogo wake, alijibu kwamba ndugu yake alikwenda zake na hajarudi, ilhali mdogo wake alikuwa ng'ambo tu ya njia: Chilongani angepaza sauti angeitikiwa.

Kiangazi kikaingia. Twiga wakaanza kushuka kutoka kaskazini kufuata maji ya kusini. Chilongani alikaa juu ya jiwe lake tangu alfajiri, daftari magotini, akimtazamia Shangazi na wenzake. Wakapita watano, wakapita tisa, na hakumtambua hata mmoja. Alifunua kurasa, akalinganisha madoa, hakuna lililolingana. Akaandika: mgeni. Siku ya pili akaandika: mgeni. Na mbele ya kila jina alilolitunga yeye mwenyewe akaandika, kwa uchungu, hajarudi. Hakuwa mwongo. Aliandika alichokiona.

Ikaja siku ya mkutano wa kijiji. Chilongani akasimama na daftari lake, akasema kwamba wale wa hapa wameondoka na hawajarudi, na wanaopita sasa ni wageni tu. Watu wakashusha pumzi, maana ardhi ile ilikuwa nzuri kwa alizeti. Ndipo Mazoya akainuka kutoka nyuma.

"Kaka, hao unaowaandika wageni, mimi kutoka kwangu nawaona ni walewale wa kila kiangazi. Wanarudi nyumbani."

Chilongani hakugeuka. Moyo ulimdunda kusikia neno "kaka" baada ya miaka tisa, hilo nalisema wazi, na laiti angeufuata moyo wake. Badala yake akajibu kwamba daftari halikuandikwa na mtu wa ng'ambo. Wengine wakacheka. Ardhi ikagawanywa siku hiyohiyo, na kabla ya wiki kwisha njia ikazibwa kwa seng'enge.

Siku ya nne baada ya hapo akaja twiga jike na ndama. Wakasimama mbele ya seng'enge, wakatazama kusini kwenye maji. Chilongani aliwaona kutoka jiweni kwake, akasikitika, akasema masikini wageni hawa, hawajui njia. Kutwa walisimama, na kesho yake, na kesho kutwa yake. Mbavu za ndama zikaanza kuhesabika. Mwisho yule mama akakata tamaa. Akageuka taratibu kurudi kaskazini kwenye ukame, na katika kugeuka kwake akamwonyesha Chilongani ubavu wa pili, ule wa kulia. Doa la jembe lililokatika mpini lilikuwa pale pale.

Daftari lilimwanguka. Alimwita Shangazi kwa jina, akamwita tena, naye hakusimama. Basi Chilongani akavuka njia ile ambayo hakuivuka kwa miaka tisa, akafika uani kwa mdogo wake, na mbele ya watoto wa watu akalia. Mazoya hakumsimanga. Alimwekea kigoda mahali anapokaa yeye, akamwonyesha jinsi njia inavyoonekana kutoka huko. Kisha wakaenda pamoja kwa wanakijiji, mkubwa akasema mbele ya wote kwamba alikosea. Mabishano yalichukua wiki tatu. Seng'enge ikakatwa.

Twiga wengine waliokuwa wamebaki vilimani wakashuka. Chilongani aliwatazama kutoka upande wa magharibi, akawatambua mmoja mmoja, akafuta neno hajarudi mbele ya majina yao. Mbele ya jina la Shangazi neno hilo lipo mpaka leo, na kila asubuhi ndugu wawili hukaa bega kwa bega wakitazama kaskazini.

Haya basi, ninyi mnaokaa mlangoni mkilalamika kwamba fulani aliondoka na hajarudi: mna hakika hajapita?