Nungunungu na Kamati ya Adabu

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wakubwa huko nyuma, mbona hamwitiki? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walijenga bwawa. Halikuwa la mfalme, lilikuwa la wote. Mwenye kiu anakunywa. Mwenye kijiti analeta. Nungunungu anakikagua. Kikifaa, kinafungwa ukutani. Kisipofaa, kinarudi na mwenyewe.

Nungunungu alijua kujenga, hilo tusimnyime. Lakini ukimletea kijiti kilichopinda, anakutukana wewe na babu yako, kisha anakugeuzia mgongo. Chomo! Unarudi nyumbani na mwiba.

Chini ya bwawa, kwenye mawe, aliishi Mama Pelele, yule pimbi mdogo wa mawe, na watoto wake. Naye alileta vijiti. Naye alichomwa. Basi akaenda na wenzake kumlalamikia Korongo, msimamizi wa bwawa, mwenye shingo ndefu na maneno marefu zaidi.

Korongo akaunda Kamati ya Adabu. Kamati ikakaa, ikakaa, ikakaa. Ikatoka na sheria: "Bwawani hakuna kelele. Anayepaza sauti, nje!"

Wanyama wakapiga makofi, polepole, wasije wakavunja sheria.

Kesho yake Digidigi akaleta kijiti. Nungunungu akamwinamia sikioni, sauti laini kama mafuta.

"Kwa heshima na taadhima, ndugu yangu, kijiti chako ni takataka, na wewe pia."

Chomo!

"Mama weee!" Digidigi akalia.

Korongo akanyoosha shingo. "Nani huyo anapiga kelele? Nje!"

Digidigi akafukuzwa, mwiba ukimning'inia makalioni. Nungunungu akasifiwa kwa upole wake.

Siku zikapita. Wanyama wakachomwa kimyakimya. Wengine wakaacha kuleta vijiti. Ukuta ukadhoofika.

Mchana mmoja Mama Pelele akasikia ti, ti, ti. Akatazama. Maji yanatoka ukutani, yanaelekea mawe yake! Na watoto wamelala! Akakimbia kwa Korongo, akanong'ona, "Mheshimiwa, bwawa linavuja."

"Linavuja? Neno kali hilo, mama. Sema linatokwa na jasho. Kamati ikikaa, tutalisikiliza."

"Itakaa lini?"

"Usinikaripie."

Akamkimbilia Nungunungu. "Bwana, ukuta unavuja. Njoo uone."

"Kwa heshima na taadhima, mama wa mawe, tangu lini ukajua ujenzi?"

Chomo!

Mama Pelele akauma midomo. Machozi yakamtoka, sauti haikutoka. Ti, ti, ti ikawa chu, chu, chu. Akawaza: nikipiga kelele, nitafukuzwa bwawani. Wanangu watakunywa wapi? Nikinyamaza, watakunywa wakafa.

Akapanda jiwe, akafumbua kinywa.

"Kreee! Kreee! Kreeeee! Bwawa linapasuka!"

Watoto wakaamka, puruu, wakapanda juu. Yule mdogo akateleza. Digidigi alikuwa kichakani, akamjua mama kwa sauti yake. Akaruka, akamnyakua mtoto kwa meno. Hapo hapo, gubuu! Ukuta ukaenda na maji.

Korongo, kalowa mpaka shingoni, akakohoa.

"Mama Pelele, umepaza sauti."

Digidigi akamweka mtoto chini. "Mheshimiwa, tazama huku." Akageuka. Wanyama wote waliokuja mbio wakageuka. Makalio kwa makalio, miiba imesimama kama nyasi. "Haya, na hii ilipaza sauti gani?"

Nungunungu akasogea. "Kwa heshima na taadh—"

"Nyamaza!"

Wote walipiga kelele. Na aliyepiga kubwa kuliko wote alikuwa Korongo.

Bwawa likajengwa upya. Digidigi ndiye mkaguzi. Nungunungu hupanga foleni na kijiti chake, miiba kailaza. Kikiwa kimepinda, huambiwa, "Kimepinda, lete kingine." Basi. Hachomwi.

Sikilizeni, wadogo kwa wakubwa: adabu si sauti ndogo. Adabu ni kutomuumiza mwenzako. Ukitaka kumjua mkosaji, usimtafute aliyelia, mtafute aliyemliza.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyekuwa anajizuia kupiga kelele, sasa apige.