Mkono Uliojifunza Kukaa

Zama hizo, kabla watu hawajajua kushika kwa mkono mmoja na kutenda kwa mwingine, mikono ya binadamu ilikwenda sare. Wa kulia ukinyanyuka, wa kushoto nao ulinyanyuka. Kutwanga kulikuwa rahisi, na kubeba mzigo kichwani pia. Lakini hakuna aliyeweza kushika kibuyu na kukitia maji, maana mikono yote miwili iliinama pamoja, maji yakamwagika. Watu walikunywa kwa kuinama kwenye chemchemi kama mbuzi.

Wakati huo aliishi mwanamke aitwaye Nyamizi pamoja na mamake, Kalunde. Mwaka mmoja, katikati ya palizi, Kalunde aliugua ugonjwa uliomlegeza shingo. Asiposhikwa kichwa, uji ulimpalia. Nyamizi aliingiza kiganja cha kushoto chini ya kisogo cha mamake, na kwa mkono wa kulia akachota uji kwa kombe la gamba. Kombe lilipopanda, mkono wa kushoto nao ulipanda, kichwa kikasukumwa mbele, na uji ukaishia kifuani. Siku ya tatu mgonjwa alikuwa hajameza hata kombe moja kamili.

“Acha, mwanangu,” Kalunde alisema. “Umechoka.”

“Sijachoka, mama.”

Alikuwa amechoka. Mgongo ulimuuma, na shamba lake lilikwisha kumezwa na magugu. Hakuwa tena na nguvu za kushindana na mikono miwili. Akauachia wa kushoto uzito wote wa kile kichwa, akauambia kimoyomoyo: wewe kaa hapa, usifanye lolote. Kisha akainua kombe polepole. Mkono wa kushoto ukataka kufuata, halafu ukatulia. Kalunde akameza.

Mdogo wake Nyamizi, Mwasi, alipokuja kutoka kwa mumewe kusaidia kuuguza, alikaa upande wa pili wa kitanda. Huko ikambidi ashike kisogo kwa mkono wa kulia na kulisha kwa wa kushoto. Nyamizi alimwelekeza, naye akaweza baada ya siku nyingi za kumwaga. Wakapokezana hivyo hadi mtama ulipovunwa. Kalunde alifariki asubuhi moja, ameshiba, kichwa chake kikiwa kiganjani mwa Nyamizi.

Matanga yalipoanuliwa, Nyamizi alishuka kwenye chemchemi na kibuyu. Mkono wa kushoto ulikishika, ukakaa. Wa kulia ukachota maji kwa kata, ukamimina, hadi kibuyu kikajaa. Hakufurahi. Aliketi kando yake akalia.

“Nani kakufundisha hayo, dada?” akauliza jirani mmoja aliyekuwa amepiga magoti kunywa.

“Mama,” akajibu.

Nyamizi alizaa watoto tisa, Mwasi alizaa wawili, na kila mmoja aliwafundisha wake kwa upande wake. Na tangu hapo watu wengi hutenda kwa mkono wa kulia na kushikilia kwa wa kushoto. Wachache, wale wa uzao wa Mwasi, hufanya kinyume, na si haki kuwacheka. Ila mtu yeyote akichoka kupita kiasi, mkono wa kushikilia husahau, ukaanza kumfuata mwenzake. Hapo aweke kazi chini, alale.