Machipukizi ya Mama wa Bwana Shamba

Bwana shamba mmoja, jina lake Byabato, alikuwa na mama mjane katika kata ileile aliyopewa na serikali kuihudumia. Watu wa kata hiyo waliishi kwa ndizi, na chakula kingine walikiona cha wageni. Walimpenda Byabato kwa kuwa alikuwa mtoto wao, na neno lake lilisikilizwa kuliko tangazo lolote.

Mwaka mmoja mnyauko ukaingia. Majani yaligeuka manjano, mikungu ikaiva kabla ya wakati, na mgomba ulipokatwa ulitoa usaha. Ugonjwa huo hauna dawa. Idara ya kilimo ikaagiza kila shamba lililoguswa ling'olewe lote, na ardhi ikae bila mgomba mpaka isafike. Byabato akapita nyumba kwa nyumba. Watu walilia, lakini walikata. Kokubanza, mwenye mume mgonjwa na watoto wadogo, aliomba aachiwe japo upande mmoja wa shamba. Byabato akamwambia kwamba ugonjwa haujui upande, kisha akainua panga, akakata. Njaa ya msimu ule ilimchukua mtoto wa mwisho wa Kokubanza.

Kwa mama yake Byabato alifika mwisho. Nyuma ya jiko aliona migomba miwili imenyauka. Mama hakubishana. Alikwenda tu kukaa kando ya kaburi la mumewe, lililokuwa humo shambani chini ya kivuli cha migomba, akamtazama mwanawe. Byabato akaing'oa ile miwili, akaifukia kimyakimya, akawaambia watu kwamba shamba la mama yake ni safi.

Ardhi ilipokwisha kupumzika, watu wakatafuta mbegu. Idara iliahidi kuleta miche, ikachelewa. Shamba la mama ndilo pekee lililokuwa bado limesimama, na mama alikuwa mtu mwema. Akawaita majirani waje wachukue machipukizi bure. Siku hiyo Byabato alikuwepo, ameketi barazani anakunywa kahawa. Aliwaona wanawake wakipita na mizigo kichwani, wakimwombea mama yake baraka, naye pia wakimwombea. Alijua ni nini walichobeba. Lakini kuwaambia wasipande kulikuwa ni kuwaambia kwa nini, naye akaendelea kunywa kahawa yake. Akajifariji kwamba huenda ni mazima. Kokubanza alichukua mzigo mkubwa kuliko wote.

Migomba ikakua, ikapendeza, ikaanza kuzaa. Kisha ikanyauka, kata nzima kwa wakati mmoja. Byabato akapita tena na agizo lilelile. Safari hii hakuna aliyelia. Kokubanza alimsubiri mlangoni, akamkabidhi panga lake mwenyewe.

"Bwana shamba, anzia kwa mama yako," alisema. "Ukimaliza, tutakuja kuona."

Byabato akaanza. Alikata tangu asubuhi, peke yake, mpaka kaburi la baba yake likabaki juani. Mama alikaa kizingitini asimsemeshe, wala hakumsemesha tena hadi alipokufa. Hakuna aliyekuja kuona. Agizo lilikuwa la haki, na lilikuwa la kweli, lakini lilitoka katika kinywa ambacho watu hawakukiamini tena. Basi hawakukata. Migomba ikaozea mashambani, na ugonjwa ukavuka kwenda kata za jirani. Wengine walikwenda kufanya vibarua kwa watu, wengine wakahama kabisa. Kokubanza aliondoka na watoto waliobaki, na hakuna ajuaye walikofikia.

Nanyi mliokabidhiwa watu: huruma mnayowaonea wa nyumbani mwenu imewalaza njaa watoto wa nani?