Makao Mapya ya Watu Kumi

Mniwie radhi nikisimulia ovyo, wiki nzima sijapata usingizi.

Mkaguzi wa serikali alimfokea Bi Mwanakheri, msimamizi wa nyumba ya wasio na makazi: "Viwango vinaruhusu watu ishirini, wewe unalaza thelathini! Toa kumi leo hii, la sivyo ruzuku naifuta!"

"Sawa, bwana mkubwa. Ila fomu inataka makao yao mapya, na sahihi yako."

"Jaza nyumba yoyote yenye nafasi! Lete nisaini, pilau inanipoa."

Akasaini bila kusoma.

Jioni watu kumi, magodoro kichwani, waligonga geti lake.

"Mpumbavu gani kawaleta kwangu?"

Wakamkabidhi fomu: makao mapya, nyumba yake; sahihi, yake mwenyewe. Mpumbavu huyo, jamani, ndiye mimi ninayewasimulia.