Baba Aliyelinda Viatu Ufukweni

Wapendwa, kabla hatujafungua somo la leo, naomba niwasimulie habari za baba mmoja. Si wa usharika huu, kwa hiyo msianze kugeuka na kuangaliana.

Baba huyu alikuwa mtunza stoo katika ghala moja hapa mjini. Kwa miaka kumi na minne halikupotea hata boksi moja la misumari mikononi mwake. Mtu mwema, mpole, anayependa familia yake. Jumamosi moja mke wake akamwambia kwamba binti yao ameomba waende ziwani, tena pale pale karibu, kwenye ule ufukwe mdogo ulio nusu saa tu kutoka mjini, wenye mchanga kidogo katikati ya mawe makubwa na mama mmoja anayekaanga samaki aina ya sato kibandani. Baba akakubali. Wakaenda wanne: yeye, mke wake, binti yao wa miaka minane, na mama mzazi wa baba huyu, aliyekuwa amekuja kuwatembelea.

Ziwa siku hiyo lilikuwa limetulia. Mke alizaliwa kisiwani Ukerewe, kuogelea kwake ni kama kutembea, akamshika binti mkono wakaingia. Bibi akapandisha gauni mpaka magotini, akaketi pale maji yanapoishia, akasema magoti yake hayajapata raha ya namna ile tangu astaafu ualimu.

Na baba? Baba alitandika mkeka. Akapanga viatu vya watu wote kwa jozi, akaweka mkoba, hotipoti la chapati, na simu zao ndani ya kofia. Kisha akakaa, mgongo ziwani na macho njiani, maana mwizi hatokei majini. Mke wake alipomwita, akajibu, "Ninyi tangulieni. Nani ataangalia vitu?"

Basi wakaja vijana wawili na mpira wao. Wakaona mtu ametulia kando ya viatu vilivyopangwa vizuri, wakadhani ndiye mlinzi wa ufukwe, wakamwachia begi lao kwa adabu. Akapokea. Ikaja familia nyingine, nao wakaacha ndoo na mataulo. Ilipofika saa tisa alikuwa akilinda jozi kumi na saba za viatu, na niwaambie ukweli, ndugu zangu, alijisikia vizuri. Mtu akitoka majini, anapewa mfuko wake kabla hajauomba.

Huko nyuma yake, mama alikuwa anamfundisha binti kuelea chali. Mtoto akazama, akakohoa, akalia kidogo, akajaribu tena. Mara ya sita au ya saba mama akaondoa mikono taratibu, na mtoto akabaki juu ya maji peke yake, masikio yamezama, macho yanatazama mawingu. Bibi akapiga vigelegele. Hata yule mama wa sato akatoka kibandani kuangalia. Baba wakati huo alikuwa anamsaidia kijana mmoja kutafuta kandambili ya kushoto.

Mtoto akaja mbio, amelowa chapachapa.

"Baba, umeniona?"

"Nimekuona, mwanangu. Umefanya vizuri sana."

Mtoto akamtazama usoni. Kisha akamuuliza kwa sauti ya kawaida tu, "Nilikuwa nafanya nini?"

Wapendwa, mtu huyu angeweza kukutajia saizi ya kiatu cha mgeni asiyemjua hata jina. Lakini hapo aligeuka kulitazama ziwa, kana kwamba jibu liko huko. Mtoto hakununa wala hakulia. Alijifuta uso kwa kanga, akarudi majini kwa mama yake. Afadhali angelia.

Bibi alikuwa amesikia yote. Akasema kutoka pale alipoketi, "Mwanangu, hapa hakuna aliyekuajiri."

Baba akainuka, akaingia ziwani na suruali yake. Akamwendea binti, akamwambia hakuwa amemwona, akamwomba arudie. Mtoto akafikiri kwanza, nadhani alikuwa na haki ya kufikiri, halafu akajilaza. Baba akasimama, maji yakimfika kiunoni, akimwangalia mtoto wake amelala juu ya ziwa kama aliyelala kitandani. Akaomba naye afundishwe kuelea. Akazama kama mfuko wa saruji. Binti akacheka mpaka akamkumbatia mama yake shingoni asianguke.

Walipotoka, viatu vyote vilikuwepo. Chapati ndizo hazikuwepo, korongo wawili walikuwa wamefungua hotipoti wakamaliza. Wakala sato kwa yule mama, nguo zikiwachuruzika, na baba ndiye aliyeuliza watarudi lini.

Sasa niwaulize. Baba huyu alikosa nini? Alilewa? Aliiba? Aligombana na mtu? Alikuwa anafanya kazi njema, na kwa kazi hiyo njema karibu arudi nyumbani mkavu, kutoka ziwani. Ndugu zangu, ni wangapi kati yetu tumefika karibu hivyo na furaha ambayo Mungu ametupa, halafu tukaipa mgongo tukilinda vitu? Tunapika sherehe nzima bila kumsalimia mgeni. Tunajenga nyumba, watoto wanakulia humo hatuwajui. Na mimi mchungaji wenu nikiri: mlipokuwa mnaimba wimbo wa pili leo, nilikuwa nahesabu viti vitupu. Mliimba vizuri? Nitawauliza wenye masikio.

Somo la leo litasubiri dakika tano. Watoto wa shule ya Jumapili wamefanya mazoezi mwezi mzima, nao wako tayari pale mbele. Wazee wa zamu, fungeni daftari la sadaka. Ninyi mnaosimama mlangoni, ingieni, nafasi zipo. Kaeni. Watoto, imbeni.