Tete Aliyetaka Kunyolewa

Paukwa!
Pakawa!
Matete ya nani?
Ya Bi Mashavu!
Na atakayesinzia?
Tumfagie nje!

Nyie wa nyuma hamkuitika, nawaona. Haya, sogeeni.

Hapo zamani za kale palikuwa na mjane, Bi Mashavu. Alikuwa na binti mmoja, Sikudhani, na kichaka kimoja cha matete mlangoni pa ua, jina lake Tete. Tete huyo! Mrefu kupita paa, vishungi vyeupe kichwani. Wapita njia walikuwa wakisimama kumtazama.

Sikudhani akaposwa, harusi ikapangwa masika yakiisha. Sasa, kijiji kile kilikuwa na desturi yake. Mawifi wakija kumchukua bibi harusi, husimama kwanza mlangoni wakautungia ua wimbo. Ua ukipendeza, wanausifu. Usipopendeza, jamani! Wimbo wa kejeli utaimbwa kisimani mpaka bibi harusi apate wajukuu. Bi Mashavu aliuogopa wimbo huo kuliko nyoka.

Kiangazi kikakaza. Tete akakauka, akawa kahawia tupu. Siku moja akaimba:

"Bi Mashavu, Bi Mashavu, ninyoe mapema,
masika yanikute na kipara,
nichipue vyema!"

Bi Mashavu akaruka. "Nikunyoe? Mawifi wanakuja, wewe unataka upara? Mwali hanyolewi, mwali anapambwa!"

Akaleta mafuta ya nazi, akampaka jani kwa jani. Wakaja sisimizi, ukoo mzima. Tete akazidi kukauka.

Akaimba tena: "Bi Mashavu, Bi Mashavu, ninyoe mapema!"

"Mwali hanyolewi, anapambwa!" Akamfunga kanga mpya. Upepo ukaja, vruuu! Kanga hiyooo, juu ya paa la jirani. Tete akavunjika mashina matatu.

Akaimba mara ya tatu, sauti imekauka: "Bi Mashavu, ninyoe!"

"Nimejua, unataka udi!" Akaleta chetezo, akamfukiza. Mwanamke huyu, akili zake sijui alimwazima nani! Kaa likaruka, majani makavu yakashika moto. "Jirani, maji! Nakufa!" Walipouzima, upande mmoja wa Tete ulikuwa umeungua karibu na ardhi. Bi Mashavu akakaa chini akalia. "Mawifi wameshanimaliza. Mwanangu nimemwaibisha mimi."

Manyunyu ya kwanza yakapita. Siku ya saba, Mnana, ndege aliyejenga juu ya Tete, akapiga kelele. "We Bi Mashavu! Acha kulia, njoo uone!"

Palipoungua palikuwa na machipukizi, kijani kibichi. Upande wa pili, kahawia vile vile. Bi Mashavu akatazama huku, akatazama kule.

"Kumbe nilikuwa nakutesa, Tete wangu," akasema. Akachukua panga. "Mnana, watoto wako?"

"Walisharuka. Kata!"

Chwa! Chwa! Chwa! Anakata. Akabakisha shibiri moja tu. Kisha akachimba mtaro kuzunguka shina, akapanga vigae vya vyungu ili mizizi isitambae hadi jikoni, maana Tete akishiba hana adabu. Majirani wakacheka: "Harusi imemtia wazimu! Kanyoa uwanja!"

Masika yakamwagika. Tete akafika kwenye kifundo, akafika magotini, akafika kiunoni. Masika yalipoisha alikuwa amelipita paa, na vishungi juu.

Mawifi wakaja. Walishasikia habari za upara, wimbo wa kejeli uko mdomoni. Walipofika mlangoni, wakainua shingo kutazama juu. Mkubwa wao, Bi Time, akauliza, "Tuliambiwa umemnyoa?"

"Nilimnyoa."

"Kichwa chote?"

"Chote."

Bi Time akatazama vishungi, akacheka, akaanza:

"Tulikuja kucheka, tumekuta vishungi,
mwenye ua huu, mpigieni vigelegele!"

Bi Mashavu alifurahi huyo, machozi yakamtoka! Akashika ngoma mwenyewe, Sikudhani akatoka huku mama yake anacheza. Kabla hawajaondoka, mawifi wote saba wakaomba mche. Akawachimbia pembeni ya shina, kila mmoja kipande chenye mizizi. "Kila mwaka kabla ya masika, mkateni kwa panga. Mkimwonea huruma, msije kunililia."

Basi, ukipenda kitu, sikiliza kinachotaka chenyewe. Ndiyo mafunzo hayo, na mimi pilau la harusi ile nilikula, ukoko wote nikamaliza.

Hadithi imefika ukingoni. Ikiwa tamu, kaigaweni. Ikiwa chungu, nirudishieni, nitaishushia na chai.