Mashina ya Sukuma Wiki na Baridi ya Mwezi wa Saba

Kulikuwa na mama mmoja mjane, ndugu zangu, kule milimani ambako zamani, mwezi wa saba, ukiacha beseni la maji nje unayakuta asubuhi yameganda. Nyuma ya jiko lake alikuwa na bustani ya sukuma wiki. Na alikuwa na binti mmoja tu, mjamzito. Kliniki walikuwa wamemwambia binti: damu yako imepungua, kula mboga za majani kila siku. Uwezo wa kununua hawakuwa nao. Tegemeo lao lilikuwa bustani ile.

Sasa watu wa kule wana desturi yao. Sukuma ikizeeka hawang'oi mashina. Wanayaacha yamesimama, wanapanda miche mipya pembeni. Vile vidudu vya kijivu vinavyonyonya majani vinajificha humo, na kazi ya kuviua inaachiwa baridi.

Binti akaviona. "Mama, haya mashina yamejaa wadudu. Tuyang'oe tuyachome."

"Mwanangu, bibi yako hakuwahi kung'oa. Subiri mwezi wa saba, utawaona wanavyopukutika."

Mwezi wa saba ukafika. Baridi haikuja. Hali ya hewa imebadilika, na ninyi wenyewe mnaiona hata hapa kwetu. Yule mama akaanika nguo zikakauka kabla ya mchana, akavua sweta, akasema, "Mwaka huu Mungu katuhurumia." Alishukuru! Na wadudu bustanini walikuwa wananenepa kwa joto lile lile.

Wakahamia kwenye miche. Majani yakajikunja, yakanata, yakawa meusi. Mama akamwaga majivu, akanyunyiza maji ya pilipili, wapi! Binti akawa anakula ugali kwa chumvi, na bado mama anamwambia, "Vumilia, baridi imechelewa tu."

Siku ya kujifungua mtoto alilia vizuri. Binti akatokwa na damu, na ya akiba hakuwa nayo. Akafa.

Mnajua mjane alifanya nini alipotoka makaburini? Hakuingia ndani. Alikwenda bustanini na nguo zake za msiba, akang'oa mashina yote kwa mikono. Yalitoka kirahisi mno. Alimaliza kabla chai ya waombolezaji haijachemka.

Mnamsikitikia? Mimi natusikitikia sisi. Ule ulevi, yule ndugu usiyesemeshana naye, ile nyumba ya pili unayoificha, si tunasema, "Kwaresima ikifika nitaacha"? Itafika. Iko kwenye kalenda, kama mwezi wa saba ulivyokuwa kwenye kalenda. Lakini nani amekuahidi kwamba itakukuta na moyo ambao bado unaweza kuguswa? Na yule wa nyumbani kwako anayekula kwenye bustani yako hiyo, unadhani atakungoja?

Msiniitikie amina. Nendeni mkang'oe.